Mguu Uliobaki Kwenye Tope

Mwaka huu nilirudi kijijini kwetu, upande wa Nambilanje, kwa msiba wa baba mdogo. Sikuwa nimefika siku nyingi. Niliolewa Lionja, nikazaa Lionja, nikaitwa bibi huku bado nina nguvu za kupalilia shamba la ufuta peke yangu, na mtu akishakuwa na mikorosho yake na wajukuu wake, safari za nyuma zinapungua. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kike, ana miaka mitano, msumbufu, mama yake ana mtoto mchanga na hakuweza kubaki naye. Siku ya pili ya msiba, jirani yetu wa zamani aliniambia neno jikoni, tukiwa tunachambua mchele. Neno lenyewe nitakueleza mbele. Lilinifanya niweke ungo chini, nimshike mtoto mkono, nishuke naye mtoni. Nilitaka kuuona ule mchanga.

Mchanga haukuwepo.

Mto wetu si mkubwa. Ni korongo tu linaloteremka kwenda kwenye mto Mbwemkuru. Kifuku, msimu wa mvua, linajaa hadi unasikia mawe yakigongana ndani ya maji, kiangazi linakauka kabisa. Lakini mchanga lilikuwa nao, mweupe, mwingi, ukikanyaga unazama hadi kwenye vifundo. Sasa malori yameuchota. Watu wanajenga, Ruangwa imekua, kila mtu anataka nyumba ya tofali za saruji, na mimi siwalaumu kwa sababu hata yangu ina saruji. Wamechota hadi wamefika chini, na chini kuna mwamba. Mwamba umekaa kwa tabaka, kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na mkeka wa juu kabisa una vijimawimbi vidogo vidogo, vile vile ambavyo maji huviacha kwenye mchanga yakipungua. Ila hivi ukivigusa ni jiwe.

"Bibi, mchanga uko wapi?"

Nikamwambia nyamaza kwanza. Nikasimama pale na viatu mkononi, nikahesabu hatua kutoka kwenye lile jiwe kubwa la kona. Jiwe lilikuwepo. Hilo hakuna lori linaloliweza.

Sasa kaa nikueleze, maana haya sijawahi kumweleza mtu kwa urefu.

Miaka ya tisini tulikuwa watoto wawili kwa bibi, mimi na mdogo wangu. Mama alikuwa ameolewa mara ya pili, Liwale, na mume yule hakutaka watoto wa mwanaume mwingine. Basi tukabaki. Bibi yetu alikuwa mkali. Ukali wangu mimi nimeutoa kwake, ila mimi nakemea na yeye alikuwa anatazama tu, na kutazama kwake kulikuwa kubaya kuliko fimbo. Alfajiri unasikia kinu chake kabla hujafumbua macho. Ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga, na kiangazi ming'oko tuliyochimba porini, tunachemsha kwa chumvi, tunakula huku tunaungua midomo. Msimu wa korosho nyumba nzima inanuka mabibo. Ukali wote huo, lakini mdogo wangu alikuwa anaweza kumchekesha. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama bibi wa huku wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na yule mtoto alilichukua kweli. Siku moja alimwambia mbele ya wageni, "Mke mwenzangu, leo babu ni zamu yangu, wewe kalale jikoni." Babu alikuwa amekufa kabla sisi hatujazaliwa. Bibi alicheka hadi akakaa chini.

Kazi yetu kubwa ilikuwa maji. Mto ukikauka juu, maji yanabaki chini ya mchanga, na kila nyumba inachimba kisima chake mle mtoni. Si kila mahali. Bibi alinifundisha kupajua, na hakufundisha mara mbili. Alisema maji yakija na hasira yanabeba mawe. Yakichoka kidogo yanayatua mawe, yanaendelea na mchanga. Yakichoka zaidi yanauacha na mchanga, yanabaki na tope peke yake, na tope halitui mpaka maji yalale kabisa. Kwa hiyo katikati ya mto utakuta kokoto, pembeni mchanga, na kwenye kona, nyuma ya lile jiwe kubwa, ambako maji yanazunguka yakalala, ndiko liliko tope. Mafuriko mengine yakija yanalifunika kwa mchanga. Kiangazi maji yanajificha ndani ya ule mchanga, na tope lililo chini linayashika yasishuke. Watu wa kwetu waliliita tope hilo chungu cha mto.

Na chungu kilikuwa na sheria. Jembe unalitumia kufukua mchanga wa juu tu. Ukiona mchanga umelowa, jembe unaliweka kando, unachimba kwa mikono na kata ya kibuyu. Vidole vikigusa utelezi, basi, umefika, acha. Ukipitiliza umetoboa, maji ya kona yote yanakwenda chini kwenye kokoto na hayarudi mpaka kifuku kingine. Anayetoboa chungu, mwaka huo anateka wa mwisho kwenye visima vya wenzake. Wa mwisho maana yake unakaa juani na ndoo yako mpaka kila mwanamke na kila mtoto amalize.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu alikuwa mgeni, ametoka mbali, hata ming'oko alikuwa hajui inamenywaje. Siku moja aliniagiza nikalete kinoo cha bibi, kile cha kunolea panga. Bibi alinipa huku akiniambia, "Kikivunjika, panga zangu atanoa yeye kwa meno." Mwalimu akakilowesha, akakisugua kwa kidole, akatuonyesha kidole.

"Hii ni nini?"

"Mchanga, mwalimu!"

"Na nani aliyeugandisha?"

Mmoja wa nyuma akadakia, "Bibi yake, kwa ugali!" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, akasema umekaribia. Akasema mchanga ukifunikwa na mchanga mwingine, na tope, na mchanga tena, uzito unaukandamiza, na maji yanayopita katikati ya punje yanaacha chokaa na kutu, ndiyo gundi yake. Hapo unapata jiwe. Alileta chupa ya glasi, akatia kokoto, mchanga, udongo na maji, akatikisa, akaiweka dirishani. Kokoto zilishuka kwanza, mchanga ukafuata, na maji ya juu yakabaki mekundu hadi kesho yake, ndipo tope likatua. Nikajisemea, mbona haya bibi anayajua? Akasema miamba ya namna hiyo inaitwa miamba mashapo, na mashapo ni yale yanayokaa chini ya mtungi. Tope la maji yaliyolala linatoa jiwe lake laini, mchanga wa maji yanayotembea unatoa jiwe kama kinoo, na makombe ya baharini yanatoa jiwe la chokaa, kama lile la Lindi alilokuwa nalo mkononi. Alilikamulia ndimu, likatoa povu, tukasogea wote tukakanyagana. Akasema ukijua kulitazama jiwe, unajua maji yake yalikuwa na tabia gani siku hiyo. Halafu akasema neno lililoniingia: tope likikauka kidogo kisha likafunikwa taratibu, hata jani likiwa limelala juu yake, hata ndege akiwa amepita, alama inabaki ndani ya jiwe.

Alisema pia kwamba inachukua muda mrefu sana. Hilo nililisikia. Ila kwangu muda mrefu ulikuwa misimu miwili ya korosho, kwa sababu ndio muda ambao mama alikuwa hajaja.

Mwisho wa kifuku kile, maji yalipopungua, kona ya jiwe kubwa ilikuwa imeacha tope laini kama uji wa mtoto. Mdogo wangu aliruka akatua ndani yake kwa mguu mmoja, akaganda hivyo, akaogopa kuutoa. Nikamvuta. Ukabaki mguu wa kulia, wazi, vidole vyote, na kile kidogo cha mwisho kimepinda kwenda ndani, maana aliwahi kukanyaga kaa la moto na kilipopona kilipona vibaya. Siku zile nne tano tope likakauka juu. Kila tukienda kuosha vyombo yeye kwanza anakimbia kuuingiza mguu wake mahali pake.

"Unanitosha! Wewe usikanyage, wangu huu."

"Nani anautaka mguu wako wenye ndoana?"

"Ndoana ya kukuvulia wewe."

Kisha ikanyesha mvua moja ya kuchelewa. Mto ulishuka usiku, si kwa nguvu, na asubuhi kona yote ilikuwa mchanga mtupu. Alilia yule mtoto. Alilia kama kaibiwa. Mimi nikajifanya mwalimu, nikamwambia nyamaza, haujapotea, umefunikwa, na kilichofunikwa kinakuwa jiwe.

"Lini?"

"Kiangazi. Mchanga ukikauka tutaufukua."

"Na mama akija ataliona?"

"Ataliona."

Bibi alikuwa anasikia. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, hakunyanyua kichwa.

Mdogo wangu alikufa wakati wa kuvuna mbaazi. Homa ya siku mbili, ya tatu asubuhi degedege. Jirani yetu alitoa baiskeli ya mumewe, mtoto akafungwa kwa kanga mgongoni mwa mjomba apelekwe zahanati, na bibi akawa anakimbia nyuma kwa miguu. Walirudi kabla ya adhuhuri. Baiskeli ilikuwa inasukumwa, haikuwa inaendeshwa, na mimi niliyekuwa mlangoni nikaelewa kabla hawajafika. Tulimzika jioni ile.

Mama alipata habari kwa gari la mbao, akafika siku ya tatu. Akakuta kaburi. Akauliza kama ipo picha. Picha ya wapi? Akauliza nguo. Nguo za mdogo wangu zilikuwa zangu zilizonibana, na akizimaliza yeye zilikuwa matambara. Mama alikaa kwenye mkeka anatafuta kitu cha kushika, anashika ukingo wa mkeka. Nikamsogelea, nikamwambia sikioni, "Mama, mguu wake upo. Upo mtoni. Korosho zikianza utakuja nikuonyeshe." Alinitazama kama mtu anayeweweseka, akanivuta kifuani, akalia upya. Baada ya arobaini alirudi kwa mumewe. Lakini alisema atakuja wakati wa korosho.

Nikaanza kusubiri jiwe.

Mwezi wa kumi jua lilikuwa kali, majani ya msituni yamekauka, na visima vya mtoni vilikuwa vimebaki vichache. Kimoja kilikuwa cha bibi, mwaka ule pale kona, hatua tatu kutoka kwenye jiwe kubwa. Ikaja habari kwamba mama atafika Ijumaa. Jumatano nikatoka shule, nikachukua jembe, panga na ungo mkubwa wa bibi wa kubebea hilo jiwe, nikashuka mtoni. Wanawake wote walikuwa kwenye korosho. Nilikuwa nimejipangia kila kitu kichwani: nitalifukua, nitalifuta vumbi, nitaliweka mlangoni, mama akifika atakuta mtoto wake amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.

Nilijua mahali. Niliondoa mchanga mkavu, nikafika kwenye uliolowa, jembe nikaliweka kando kama sheria inavyosema. Nikachimba kwa mikono. Maji yakaja, nikayachota kwa kata nikamwaga, yakaja tena. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono hadi begani, vidole vikagusa utelezi. Nikapapasa taratibu. Huku hakuna kitu. Huku hakuna. Halafu nikaupata. Kisigino kwanza, shimo la mviringo limejaa mchanga. Nikautoa mchanga kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, nikapanda juu, na vidole vyangu vikaingia mahali pa vidole vyake, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, na kile kilichopinda.

Haukuwa jiwe. Ulikuwa laini kama siku ile aliyokanyaga.

Ningeuacha pale. Kila mwaka naliona hilo, ningeuacha pale. Lakini nilikuwa nimeona bibi anavyofinyanga vyungu, siku moja tu ya moto na udongo unalia ukigongwa. Nikasema nitaukata na tope lake, niutoe mzima, bibi auchome. Nikachukua panga. Nikakata pembeni huku, nikakata huku, nikakata juu na chini, nikaingiza panga kwa chini ili niubinue. Panga likapita, likakwaruza kokoto.

Nilisikia sauti kama mtu anameza maji. Maji yakazunguka mara moja, yakaenda. Tope likaning'inia kidogo mikononi mwangu kisha likakatika, likawa kama ugali uliokosa unga, na ule mguu ukafungukia kwenye viganja vyangu ukawa si mguu tena. Nikageuka kwenye kisima cha bibi. Yalikuwa yanashuka naangalia. Nikaziba tundu kwa tope, nikaziba kwa sketi ya shule, nikakaa juu yake. Jioni wanawake walinikuta nimekaa hapo hapo, na visima vyote vitano vya kona vimekauka.

Jirani yetu ndiye aliyekuwa mbele, yule yule wa baiskeli. Akachungulia cha kwake, akachungulia cha bibi.

"Nani kaingiza chuma kwenye chungu? Nani huyo? Ana wazimu au ana mto mwingine nyumbani kwao?"

Bibi alikuwa anakuja nyuma na ndoo kichwani. Akanitazama mimi, akatazama ungo, akatazama lile shimo na mahali lilipokuwa. Akaitua ndoo.

"Mimi," akasema.

"Wewe bi mkubwa? Wewe uliyetufundisha kuchimba?"

"Macho yamezeeka. Panga limeteleza mchana. Mwenye neno aniambie mimi, huyu mtoto nimemtuma kuziba."

Wakatazamana. Jirani akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Sheria unaijua."

"Ninaijua. Nitateka wa mwisho."

Tulirudi nyumbani jua halijazama. Nilingoja kipigo, ningekishukuru. Bibi alikaa kwenye kigoda, akachukua choroko, akaanza kuzichambua. Nilisimama mbele yake nimejaa tope hadi kwenye nywele.

"Uliuona?"

"Niliupapasa."

"Vidole?"

"Vyote, bibi. Na kile."

Akachambua. Akatupa jiwe moja dogo, akatupa lingine. Akasema, "Kaoge," kisha akakumbuka kwamba maji ya kuoga hayapo, akarudi kwenye choroko zake. Hilo jambo hatukulizungumza tena mpaka anakufa.

Ijumaa mama alifika na vumbi la njia nzima. Bibi alimpa nusu kata ya maji tuliyoyaomba. Mama akanywa, akanitazama, akasubiri. Nikaangalia miguu yangu. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameniamini, na yeye naye sasa amelala kaburini huko Liwale.

Visima vilivyobaki vilikuwa mbali, chini kabisa karibu na Mbwemkuru. Bibi hakuweza kwenda na kurudi na kukaa juani akingoja kuwa wa mwisho, magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Nikaenda mimi. Natoka alfajiri, narudi saa nane, na shule ikaisha hivyo, bila mtu kusema imeisha. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja kuuliza. Bibi alimrudishia swali, maji akateke nani? Mwalimu akakaa kidogo, akala muhogo wa kuchemsha, akaenda. Mwaka uliofuata walimhamisha. Kwa hiyo katika shule yote niliyosoma, kilichokaa kichwani sawasawa ni kile kinoo na ile chupa ya dirishani.

Kifuku kilikuja, mafuriko yakaleta tope jipya, kona ikashika maji tena kama hakukutokea kitu. Miaka ya elfu mbili ilinikuta nimeshaolewa Lionja. Bibi alikufa nikiwa na mtoto wangu wa pili mgongoni. Nilimwosha mimi na wenzangu wawili, na nilipofika kwenye magoti yake nilisimama kidogo.

Sasa nirudi kwenye lile neno la jikoni. Jirani yetu ni mzee sana siku hizi, haoni vizuri, anachambua mchele kwa vidole tu. Alipoambiwa mimi ni nani akanyoosha shingo.

"Wa yule mzee aliyetoboa chungu?"

Nikamwambia, mbele ya wanawake wote pale jikoni, "Aliyetoboa ni mimi, si yeye." Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu utotoni. Nilidhani likitoka patakuwa kimya.

Akacheka. Meno hana. "Tulijua, mama. Ulikuwa tope mwili mzima, bi mkubwa kanga yake kavu. Sasa tungesemaje, na yeye kasema ni yeye?" Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Lakini alituudhi mwaka ule, alihama. Kisima chake cha siku zote kilikuwa kule juu, kwenye mkuyu. Mwaka ule akashuka kuchimba kona, akatuwekea mpaka, kutoka kisima chake hadi kwenye jiwe kubwa asichimbe mtu. Tukamwambia bi mkubwa, mto umekuwa wako? Akasema hapo pana mtu wake, asije mtu akamkanyaga."

Hapo ndipo niliweka ungo chini.

Kumbe alikuwa anaulinda. Miezi yote ile alikuwa anakwenda kuteka maji na kukaa karibu na mke mwenzake, na mimi nilipita mle mle alimowakataza wenzake, na panga lake mwenyewe.

Basi nikasimama juu ya ule mwamba, na mjukuu anazunguka zunguka. Mwalimu alisema kweli. Mto wa zamani sana, ambao hata jina lake hakuna anayelijua, uliacha mchanga wake hapa, maji yakalala, vijimawimbi vikabaki, pakaja kitu kikavifunika na hakuna aliyekuja na panga. Jiwe linataka uzito na linataka kuachwa. Sisi hatukuacha. Na kama ningeacha mimi, malori yangekuja kuchukua tope na mguu na vyote, ukaingia kwenye plasta ya mtu Ruangwa. Nilijaribu kujifariji na hilo. Halifariji.

Nyuma ya jiwe kubwa palikuwa na kidimbwi kimoja kidogo, maji ya kumwosha kuku, na pembeni yake tope, jipya, laini. Kabla sijasema neno mjukuu alikuwa ameshatia mguu.

"Bibi! Bibi ona, mguu wangu!"

Nikainama. Vidole vitano, vimenyooka vyote. Nikakaa pale nikautazama, yeye ananing'inia begani kwangu anasubiri nimsifie. Nikaupangusa kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, mpaka pakawa sawa.

"Mbona unaufuta?"

"Mguu unao. Ulete huku."

Akauleta. Maji yalikuwa haba na yalikuwa yamevurugika, nikangoja tope litue kwanza. Kisha nikachota kwa viganja nikamwosha, kisigino, unyayo, kidole kimoja kimoja, na kile cha mwisho nilikishika hadi akaniambia bibi, inatosha.